Tajiri na Bepari Walitoka Duka Moja

Siku mbili kabla ya arobaini waliniita nikaandike wasifu wa marehemu. Hapa Kitangari bado naitwa Karani, ingawa mizani ya korosho niliiacha 2019 na mkono wenyewe siku hizi unatetemeka. Mzee yeyote akifariki na kuacha watoto wenye kazi mjini, lazima asomewe wasifu, na wasifu huletwa kwangu. Mwandiko wangu unasomeka. Tena ninazo daftari zangu za zamani, za tangu 1975, ambazo watu huziheshimu kwa namna ya kuziogopa.

Tulikaa uani, mkekani, chini ya mkorosho alioupanda marehemu mwenyewe. Alikuwapo mjane, kijana wake mkubwa mwenye duka la vitenge Kariakoo, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, na mimi. Mambo ya kuzaliwa tuliyamaliza upesi: 1938, mwaka mmoja na Rais Mkapa wa kule Lupaso, jambo ambalo mzee hakuchoka kulitaja kana kwamba walikuwa wamekubaliana. Jando, safari ya mkonge Lindi, ndoa, watoto tisa. Tulipofika kwenye mali, kalamu ikasimama.

“Andika alikuwa mkwasi,” akasema kijana.

“Mdogo wangu, hilo neno la redioni,” akajibu mpwa. “Huku nani anasema mkwasi? Karani, andika tajiri, watu waelewe.”

Mjane akatikisa kichwa. “Tajiri msiandike. Mkiandika tajiri, kabla mikeka haijakunjwa mtaletewa madeni ambayo marehemu mwenyewe hakuyajua. Shemeji, andika alijaaliwa.”

“Mama, hata mwenye mbuzi wawili kajaaliwa.”

“Basi na huyo asomewe wasifu.”

Nikanyamaza. Neno langu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusomwa mbele ya sheikh. Nikaomba nilale nalo.

Nyumbani nikamkuta mjukuu wangu wa kidato cha tatu anahangaika na zoezi la Kiingereza. Kumbe na Waingereza wana shida hiyo hiyo. Alikuwa amepewa misemo minne ya mtu mwenye mali nyingi, achague unaofaa kila sentensi. Akanifasiria: wa kwanza unasema mtu kapakiwa, kama lori, wa pili, anabingirika ndani ya fedha, wa tatu, ameumbwa kwa fedha, wa nne, ana visigino vizuri. Huo wa visigino ukanifurahisha. Inaelekea kwao maskini alijulikana kwa kiatu kilicholika nyuma. Kwenye mchanga mwekundu wa Newala, ikifika saa nne asubuhi visigino vya tajiri na vya maskini vina rangi moja, kwa hiyo sisi ilibidi tutazame pengine.

Tulitazama maji.

Kitangari iko kwenye uwanda wa juu wa Makonde, katika barabara ya kutoka Newala kwenda Mtama, pale uwanda unapokatika na bonde linapoanza. Juu kuna mashamba, vichaka na upepo mzuri, ila maji hakuna. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote, nayo inakwenda kuibukia chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alikaa Newala na mashine yake ya kunasia sauti na kamera ya sinema. Wazee wakamsimulia asili ya Wamakonde: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikageuka mwanamke, watoto waliozaliwa chini hawakuishi, wakapanda, wakapanda tena, na walipofika juu ndipo akazaliwa mtoto aliyeishi. Wosia ukawa: kaeni juu, msikae karibu na maji, bondeni kuna maradhi. Mimi naona huo ulikuwa ushauri wa afya, na aliyeutoa alikuwa anawajua mbu.

Gharama ya wosia huo waliilipa wanawake. Mama yangu aliondoka jogoo la kwanza na mtungi, akarudi jua limeshapanda, na huo mtungi mmoja ulikuwa wa kupika, kunywa na kuogea. Maji ya kunawa uso yalikingwa kwenye karai, jioni yakanawia miguu, na yaliyobaki wakapewa kuku. Ndiyo maana msemo wa pwani wa kumwaga pesa kama maji ulipopanda huku ulitua vibaya. Mtu wa Mikindani akisema fulani anamwaga pesa kama maji, anamaanisha jamaa hana uchungu nazo. Bibi yangu aliposikia hivyo alielewa kwamba mtu huyo ni bahili.

Na mali ilikuwa nini wakati huo? Kwa nilivyopata kwa wazee, mali ilikuwa watu. Mkulungwa, mkubwa wa ukoo, hakuwa na kitu cha kufungia kufuli. Ng’ombe hatukuwa nao, mbung’o hawakuwaacha. Ghala la mtama kila mwenye nguvu alikuwa nalo. Alichokuwa nacho mkulungwa ni wapwa. Ukoo wetu, litawa, hufuata mama, kwa hiyo dada mwenye watoto wengi ndiye aliyekuwa benki ya kaka yake. Jirani zetu Wayao, walio wengi upande wa Masasi, mali huiita chipanje, na ng’ambo ya Ruvuma, kule Niassa, wanakijiji wa Kiyao waliwahi kuupa mradi wao wa wanyamapori jina la Chipanje Chetu, yaani mali yetu. Hilo “chetu” ndilo linaloonyesha neno lilivyotumika. Sijasikia mtu akisema chipanje changu bila kuangalia nyuma nani yupo.

Kisha zikaja bidhaa za kuuzwa mbali. Pembe, sandarusi, watu, na miaka ya 1870 na 1880 mpira wa mwituni, utomvu wa mitambaazi ya vichakani mwetu, uliobebwa kichwani hadi Lindi na Mikindani. Pamoja na bidhaa likapanda neno tajiri. Kwa Kiarabu chake ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua hapa na kuuza kule, na kwa muda mrefu Kiswahili nacho kilimaanisha hivyo. Mabaki ya maana hiyo yapo hadi leo. Dereva wa daladala akisema hajatimiza hesabu ya tajiri, huenda huyo tajiri ni mwalimu mstaafu aliyenunua gari moja bovu kwa mafao yake na sasa halali usingizi. Utajiri wake ni kwamba chombo ni chake na mwingine anakiendesha.

Mwaka 1876 askofu Edward Steere, ambaye miaka sita kabla alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili, alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi na msafara wa watu waliokombolewa utumwani, akawaanzishia makazi pale. Wakati mwingine huwafikiria hao watu. Katika maisha yao walikuwa wamewahi kuwa mali, kila mmoja na bei yake, ndani ya hesabu ya tajiri fulani. Sidhani kama neno hilo kwao lilikuwa na utamu tunaolipa leo kwenye kadi za harusi.

Sasa mtazame ndugu wa neno tajiri. Bepari nalo ni mfanyabiashara tu, ila limetoka Bara Hindi. Kwa Kigujarati vepari ni mtu wa biashara. Tajiri la Kiarabu na bepari la Kihindi, duka moja lenye milango miwili. Mmoja alitoka kwa mlango wa mbele akaenda kukaa meza kuu. Mwingine akatokea mlango wa nyuma, na nje akakuta mkutano wa hadhara unamsubiri.

Mkutano wenyewe nilikuwapo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, nami nikiwa mvulana wa shule. Katika wiki chache tulijifunza maneno mengi kuliko tuliyofundishwa mwaka mzima: bepari, kabaila, mnyonyaji, mirija, kupe. Kabaila zamani lilikuwa neno la heshima, mtu wa ukoo unaojulikana. Sasa likawa la kuzomea. Kupe tulimfahamu kwa mbwa, maana ng’ombe wa kutuonyeshea mfano hawakuwapo, na nakumbuka mwenzetu mmoja aliuliza kama bepari naye hukaa masikioni. Akachapwa. Bwanyenye lilikuja na vitabu, likaondoka na vitabu.

Mzee wetu wakati huo alikuwa na miaka 29 na tayari ana cha kuogopea. Alikuwa amekwenda Lindi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na mwaka wa Uhuru akarudi na baiskeli, taa ya chemli na akili moja ambayo wenzake waliorudi na suti hawakuwa nayo. Alinunua bati. Watu wakadhani anataka nyumba ya fahari, na kweli kwa miaka kadhaa aliitwa Mwenye Bati. Kumbe bati lilikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine alikuwa anaichimba.

Kisima cha huku si kisima cha mahali pengine, hakina chemchemi. Ni shimo kama chumba, chini ya uso wa ardhi, kina chake mtu mmoja na nusu, limesakafiwa saruji kuta zote na chini. Juu limefunikwa zege, na katikati ya zege kuna mdomo mdogo wa kupitisha ndoo, wenye mfuniko wa bati. Mfereji wa bati unakinga maji ya paa na kuyaleta ndani. Mvua ya kwanza, Novemba au Desemba, unaigeuzia mfereji ipotelee nje, ioshe paa vumbi na mavi ya kunguru. Ya pili ndiyo unayoipokea. Kifuku kikiwa kizuri, shimo hujaa, na ukilitunza maji yanafika Septemba, ukilitunza sana yanafika Oktoba. Ukiinama pale mdomoni adhuhuri unaona uso wako mwenyewe, mweusi, na ubaridi unakupanda mashavuni. Mfuniko wa mzee ulikuwa na kitasa na kufuli la shaba. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi wa nailoni, na alikuwa anaogelea nao, ikiwa kuoga kwa kata tatu tunaweza kukuita kuogelea.

Serikali haikutusahau kabisa. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, maji yakasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni kupanda juu. Tangu miaka ya 1970 Wafini nao wakachimba na kutandaza mabomba. Chanzo cha Mitema kiko bondeni huku kwetu na maji yake yanakwenda mpaka Newala na Tandahimba. Lakini mashine huharibika na bomba hupasuka, na wiki bomba linapokauka ndipo majirani wanamkumbuka mwenye kisima na kumuulizia hali ya mgongo wake.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mkoa wa Mtwara ulikuwa umeshatangulia kuishi vijijini, kwa sababu ya vita vya Msumbiji na mabomu ya Wareno kando ya Ruvuma, ila katikati ya miaka ya 1970 ndipo watu wengi zaidi walihamishwa na kupangwa kandokando ya barabara. Mzee hakuhama. Yeye alihamiwa. Nyumba yake ilikuwa tayari barabarani, kijiji kikaja kumzunguka, na walioletwa walikuwa wameacha nyuma vitu viwili: mikorosho yao, maili nyingi kutoka hapo, na visima vyao. Mikorosho ikaota msitu. Ukaingia ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, ubwiriunga. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Vyama vya ushirika vilifutwa 1976, ununuzi ukabaki mikononi mwa vijiji na Mamlaka ya Korosho. Nchi ambayo msimu wa 1973/74 ilikuwa imetoa tani zipatazo 145,000 za korosho, msimu wa 1986/87 haikufikisha 20,000. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kimojawapo Newala, vikakosa cha kubangua.

Katika miaka hiyo daftari zangu zinaonyesha majina yanapungua kurasa kwa kurasa, mtu aliyeleta magunia ishirini analeta matatu. Jina moja halikupungua.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, neno la mwenye mali likabadilika tena: mlanguzi, mhujumu. Mtu mwenye doti tano za kanga ndani alianza kulala macho. Nchi nzima watu walitupa bidhaa vichakani usiku. Mzee wetu alikuwa na katoni za sabuni ambazo hakuwa na stakabadhi zake, na siku aliposikia gari linanguruma mteremkoni alizitosa kisimani zote. Gari lilikuwa la misheni, limepeleka dawa. Mwaka ule maji ya kununua kwake yalitoka na povu, na wanawake walisema angalau huyu mhujumu anafua.

Baada ya hapo ikaja ruksa ya Rais Mwinyi, na maneno yakapumua. Nikasikia kwa mara ya kwanza fulani ni mzito, fulani kaukata. Hili la kuukata nalipenda kwa ujanja wake. Halisemi alichokata ni nini. Husemwa juu ya mtu ambaye fedha yake imefika kabla ya maelezo yake. Ukilinganisha na “anajiweza”, utaona masafa: anajiweza husema mtu anayetaka kumkopa huyo mwenye nazo, na hulisema kwa sauti ya chini. “Hajambo kidogo” husema tajiri mwenyewe, akijitaja. Mkwasi, mpwa alikuwa na haki, ni la redioni na la hotuba za viongozi. Sijawahi kusikia mtu akigombana kwa kutumia neno mkwasi. Kigogo si lazima awe na fedha, ila ana simu za watu wenye nazo. Kibopa na pedeshee yamekuja na vijana na nyimbo, mimi nayaacha huko huko.

Lakini kuna neno ambalo ni la kwetu hasa, na ndilo nililolificha pale mkekani. Kangomba.

Aliyelianzisha simjui. Namjua anayeitwa kwalo: mtu anayenunua korosho kwa wakulima kienyeji, kwa bakuli na kopo, nje ya mizani. Tangu msimu wa 2007/08 tulipoingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho zinapelekwa chama cha msingi, kutoka pale ghala kuu, zinauzwa mnadani kwa wanunuzi ambao wengi huzipeleka India au Vietnam, na mkulima anasubiri malipo. Mpango una faida yake, bei imeonekana. Ila tumbo halisubiri mnada. Mtoto anaumwa leo, ada inatakiwa leo, na mwenye bakuli yupo hapo mlangoni na noti mkononi. Bei ya bakuli huwa nusu ya bei ya mnada, pengine chini yake. Wengine huuza korosho zikiwa bado maua juu ya mti.

Mzee alikuwa na mikorosho 400. Niliihesabu mwenyewe, tulipokuwa tunaandikisha watu kwa ajili ya salfa ya kupulizia. Mikorosho 400 iliyopaliliwa na kupuliziwa vizuri nakadiria tani nne, mwaka wa baraka tano. Msimu mmoja nilimpimia tani kumi na moja. Nilisimamisha mizani nikamtazama.

“Mzee, mikorosho yako siku hizi inazaa pacha?”

“Karani,” akasema, “wewe soma namba.”

Nikasoma namba. Nilijua zilikotoka. Oktoba, maji ya bomba yamekatika, mvua bado, mwanamke anamtuma mtoto na ndoo tupu mkono mmoja na bakuli la korosho mkono mwingine. Bakuli lilikuwa la bati la bluu, limebanduka rangi ukingoni, na lilikuwa la mzee, mtoto analichukua pale kisimani na kulirudisha limejaa. Bakuli moja, ndoo moja. Ukitaka kujua nilikuwa na wajibu gani kama karani, wajibu nilikuwa nao. Mama yangu pia alikuwa anachota pale, bila bakuli, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma namba.

Sitaki ionekane namtukana. Ndoo ilikuwapo. Kuna miaka ambayo bila kisima kile wengine wangeshuka bondeni na wajukuu mgongoni.

Msimu wa 2017/18 nchi ilitoa tani zaidi ya 300,000 na bei mnadani ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ndipo tukaanza kusikia kwamba huku kwetu watu wananywesha mbuzi bia. Mimi mbuzi mlevi sikumwona, nimeona pikipiki tatu kwenye nyumba ya nyasi. Kila kijana akawa bosi kuanzia Novemba hadi Januari, na Machi akaja kukopa unga. Msimu uliofuata wakulima wakazikataa bei za mnadani, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kubeba. Malipo yakaja na uhakiki: mwenye korosho nyingi aonyeshe shamba. Baada ya miaka yote ya bepari, kupe na mhujumu, hatimaye swali likaulizwa kwa lugha nyepesi kabisa, una miti mingapi?

Wiki ile mzee alikuja nyumbani kwangu, akavua kofia. Tangu tufahamiane sikuwahi kumwona kichwa wazi. Alikuwa na karatasi yenye majina kumi na moja, wapwa wote, watoto wa dada zake wawili, kila mmoja ameandikiwa magunia yake. Hakuna aliyezidisha. Nikayaingiza jina kwa jina. Mali ya mkulungwa ikarudi kwa litawa kama zamani, angalau kwenye daftari, na malipo yalipotoka, baada ya kungoja sana, yaliingia kwenye akaunti za wapwa. Yaliyorudi kwa mzee na yasiyorudi ni mambo ya ukoo. Niseme tu kwamba mpwa aliyekaa nasi mkekani na kutaka liandikwe neno tajiri ana nyumba mpya ya tofali, na kwamba tajiri aliyekufa akiwa tajiri hakuna anayeulizia ziliko fedha zake za 2018. Kijana wa Kariakoo hajui habari hii. Mjane anaijua, ndiyo maana alitaka “alijaaliwa”, neno linalomwachia Mungu hesabu.

Kesho yake nilirudi na daftari. Nilikuwa nimeandika: mkulima, mume, baba wa watoto tisa, na mwenye kisima.

Kijana akasoma mara mbili. “Baba mdogo, hii ni sifa au ni kazi?”

“Ni anwani,” nikamwambia. “Ukishuka gari hapo barabarani ukauliza kwa mwenye kisima, wanakuleta mpaka mlangoni.”

Mpwa akanitazama muda, akasema sawa. Mjane hakusema kitu, akaniongezea chai.

Siku ya arobaini walikuja watu wengi, hata kutoka Mkunya na Mtama. Baada ya khitma sheikh akavaa miwani akasoma karatasi yangu taratibu, 1938, jando, mkonge, mwaka wa Uhuru. Alipofika kwenye “na mwenye kisima” akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na katika kimya kile sauti ya bibi mmoja mkongwe ikatoka upande wa wanawake:

“Na kufuli!”

Kikacheka kiwanja kizima, hata sheikh alishindwa. Mjane ndiye aliyeanza kucheka, mkono wake ukiwa umeshika fundo la kanga kiunoni, pale ufunguo unapokaa siku hizi.